Fungu la Benki

Kutoka Kindu hadi Masisi nilitumia siku kumi na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ndani ya kitabu changu cha sala kulikuwa na cheti cha shule ya sekondari, kimekunjwa mara nne, pamoja na barua ya benki moja ndogo ya Goma iliyosema kwamba nafasi ya karani ingeningojea hadi mwisho wa mwezi. Nilianza na lori lililobeba samaki wakavu, likafa katikati ya msitu. Nikatembea siku mbili na mwalimu mmoja aliyekuwa anahama na saa ya kengele ya shule yake, nayo ikatuamsha kila alfajiri kichakani kama wanafunzi. Nikapata lori jingine hadi Bukavu, na kutoka hapo nikavuka ziwa kwa meli, nikiwa nimelala juu ya magunia ya vitunguu. Hadi leo harufu ya kitunguu kibichi inanitia hamu ya kusafiri.

Goma walinipa muhuri, daftari mbili na blanketi, wakaniambia nipande Masisi. Wakati huo barabara ya mlimani ilikuwa ya upande mmoja: asubuhi yalipita magari yanayopanda, mchana yanayoshuka, na aliyechelewa alingoja kwenye kizuizi hadi kesho yake. Baada ya Sake lori letu lilianza kupanda, na kadiri lilivyopanda nilizidi kuongeza nguo, hadi nikawa nimevaa kila kitu nilichokuwa nacho, yaani mashati mawili na koti. Sikuwahi kuona nchi ya namna ile. Kwetu jicho linagota kwenye miti. Pale vilima vilifuatana vyote vikiwa majani matupu, ng'ombe wamesimama kwenye miteremko, na moshi wa nyumba ukitambaa chini kwa chini kwa sababu ya unyevu.

Tulisimama Kingi. Mama mmoja mrefu, wa jamaa za wafugaji, alikuwa anauza maziwa ya mgando kando ya barabara. Alinitazama nikishuka.

"Kaka, uko natetemeka ao uko nacheza?"

"Ni baridi, mama."

"Baridi haiyafika bado. Hii iko asubuhi ya muzuri."

Abiria walicheka, nami nikacheka nikiwa nimeuma meno. Akanijazia kikombe kwa bei ya nusu. "Juu ya huruma," alisema. Sikujua kwamba ningemwona mama yule karibu kila wiki kwa miaka mitatu, na kwamba hangekoma kunitania kwa baridi ile.

Benki ya Masisi ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na duka la nguo. Kulikuwa na meza, sanduku la chuma, picha ya ng'ombe iliyobaki tangu zamani, na mimi. Ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya wenye mashamba makubwa, lakini wengi wao walikuwa wameondoka na fujo za miaka ile. Wanaume wa biashara nao waliiogopa barabara. Walioendelea kutembea ni wanawake. Walipita na vikapu vyao kwa askari wa huku na askari wa kule, wakiuza maharagwe chini msituni na kurudi na mafuta ya mawese. Mkubwa wetu wa Goma alikuwa mtu wa kutazama dirishani. Aliona ni akina nani wanaopita, akaamua kuwasaidia. Hakutaka kuwapa fedha mkononi. Benki ilinunua chombo kilichohitajika na wao wakakilipia kidogo kidogo. Mama mmoja pale Masisi alipata tanuri ya mikate, mwingine cherehani. Sharti lilikuwa moja tu lililowakera: lazima mwanamume wa nyumba atie sahihi au dole gumba. Mume, na kama hayupo, ndugu wa mume. Ndivyo zilivyosema karatasi, na karatasi sikuziandika mimi.

Nimewasahau wengi wa akina mama wale, sura na sauti. Wa Kalembe sikuwasahau.

Kalembe ni kijiji kilicho mpakani. Nyuma yako milima ya Masisi, mbele yako ardhi inashuka taratibu kuelekea Walikale na misitu yake. Nilikwenda huko kila siku ya soko, juu ya mizigo ya lori lolote lililokubali. Kando ya barabara, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa bati upande mmoja na nyasi upande wa pili, aliishi mjane wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa mkulima wa maharagwe na mihogo, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, aliyezoea kumaliza kazi kwanza ndipo ajibu swali. Mumewe alikufa kabla hajamaliza kuezeka. Mjane alikuwa na jambo moja kichwani: kupika sabuni.

Sabuni ya mjini ilikuwa haifiki tena. Watu walifulia majani, au ile sabuni nyeusi laini ya kienyeji inayochotwa kwa kidole na kuyeyuka kabla shati halijaisha. Mjane aligundua kwamba kila kinachohitajika kilipita mlangoni kwake. Majivu ya maganda ya ndizi alikuwa nayo mwenyewe. Mafuta ya mawese yaliletwa na mama mmoja kutoka upande wa Walikale, aliyepanda siku tatu na madebe mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso; mama huyo alikuwa mkimya kabisa, akifika alitua mzigo, akaketi kizingitini na kulala papo hapo. Mafuta ya ng'ombe, yanayoifanya sabuni iwe ngumu, yaliletwa na yule mama wa Kingi. Alikuwa na jamaa Kalembe, na kila siku ya soko alikuja na mitungi yake ya maziwa. Kilichokosekana ni pipa la kupikia na chumvi nyingi. Bila chumvi, sabuni ya majivu haigandi. Chumvi nayo ilikuwa ghali mno miaka ile, hata nyumba zenye uwezo zilikuwa zinalamba tu.

"Papa wa banki," mjane aliniambia siku ya kwanza, akipepeta maharagwe, "tupatie chumvi, utaona."

"Nitaona nini, mama?"

Alimaliza kupepeta. "Sabuni yenye inasimama peke yake."

Tatizo lilikuwa dole gumba. Ndugu mkubwa wa marehemu aliishi juu ya kilima, robo saa kwa miguu, na kwa muda mrefu alikuwa amemwambia mjane ahamie kwake na kuiacha nyumba ya barabarani kwa mwanawe yeye, yule mkubwa aliyetaka kuoa. Sitamsema vibaya. Kwa desturi alikuwa na haki ya kuisema ile nyumba, na kwa akili yake aliona anamsaidia. Alifika kwenye mazungumzo na kiti chake mwenyewe, amekibeba kichwani, akakitua katikati ya ua na kukaa.

"Nitatia kidole," alisema. "Lakini musikie wote. Kama banki iko na akili, itaendelea na huyu mama, na mimi nitanyamaza. Kama banki inarudi nyuma, ao haisemi kitu mpaka tunavuna maharagwe, bibi ya mudogo wangu atapanda kwangu, na nyumba itapata mwenyewe. Njo vile."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani akatoka na ile karatasi yangu, akamshikia shemeji yake kidau cha wino.

Basi benki ikanunua nusu ya pipa na magunia mawili ya chumvi. Hilo lilikuwa jaribio. Baada ya sabuni ya kwanza mkaguzi angetoka Goma, aione bidhaa kwa macho yake, halafu Goma iamue: ama kuwaongezea pipa zima na nafasi ya mzigo kwenye lori la benki, au kuchukua chake na kuondoka. Nililieleza hilo mara tatu. Walilielewa mara ya kwanza.

Nilikuwepo siku ya kupika. Majivu yalikuwa yamewekwa kwenye chungu chenye matundu chini, maji yakamwagwa juu, na maji mekundu-mekundu yakadondoka kwenye beseni usiku na mchana kwa siku mbili. Mjane aliyapima kwa yai. Yai lilipoelea na kuonyesha mgongo mdogo, alisema yako tayari. Moto ukawashwa chini ya pipa. Walikoroga kwa zamu kwa mti mrefu, na moshi ulipogeuka waligeuka nao bila kuacha kukoroga, wakizunguka pipa kama watu wanaocheza ngoma ya polepole. Mama wa Kingi alikoroga akiimba. Mama wa mafuta ya mawese alikoroga akiwa amefumba macho. Chumvi ilipotiwa, kitu kizito kikajitenga na kupanda juu. Tukakichota tukakimimina kwenye masanduku ya mbao yaliyotandikwa majani ya mgomba, na kesho yake tukakikata kwa waya. Rangi yake ilikuwa ya mahindi ya kuchoma. Alama za mishipa ya jani la mgomba zilibaki kwenye kila kipande, na mpaka leo ukinionyesha sabuni laini isiyo na alama naiona kama haijaisha.

Ilipokaa wiki mbili kwenye vichanja vya kibanda cha uani, nilipita nikiwa na haraka ya kuwahi lori. Nilikuwa nimeketi naandika.

"Papa wa banki," mjane aliuliza, "hii ya kwanza, tuigabule kama kawaida?"

Kugabula kwao ni kugawa. "Kama kawaida," nilijibu bila kuinua kichwa.

Kwetu pia samaki wa kwanza wa mtego mpya huwa ni wa mama mzazi. Samaki mmoja. Nilidhani na wao watatoa vipande vitatu vinne kwa wazee, basi.

Nilipokuwa napanda lori, mjane alinifuata akanipa kipande kimoja kilichofungwa kwenye jani.

"Hii iko ya mukwe."

"Mkwe yupi?"

"Banki," alijibu mama wa Kingi kwa niaba yake. "Mutu mwenye kukuletea chumvi nyumbani, atakuwa nani kama haiko mukwe? Umupelekee."

Walicheka wote watatu. Hata mama wa mafuta aliamka akacheka. Mimi nikaona ni utani. Sabuni yangu ilikuwa imeisha tangu mwezi uliopita, na mashati yangu mawili yalikuwa na rangi ya barabara. Jumapili ile niliyafua yote kwa fungu la benki, nikaenda misa nikinuka mawese na usafi.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata kwa jipu la benki, gari ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Alikuwa mzee wa Bukavu, mwembamba, mwenye kofia, mtu asiyependa kukaa kwenye viti vya watu. Tulifika Kalembe kabla ya saa sita. Ua ulikuwa umefagiwa. Pipa limesuguliwa hadi linang'aa. Mama wote watatu walikuwa wamevaa vitenge vyao vya kanisani, na shemeji alikuwa amekwishaketi kwenye kiti chake.

Mkaguzi aliingia kibandani. Nilisikia viatu vyake vikienda hadi mwisho na kurudi.

"Sabuni iko wapi?"

Niliingia. Vichanja vilikuwa vitupu vyote. Palibaki majani ya mgomba tu, yamepangwa vizuri.

"Tuliigabula," alisema mjane.

"Kuigabula namna gani?"

"Papa, ni ya kwanza." Alisema kwa utulivu, kama anayemkumbusha mtu jina lake. "Ya kwanza haiuzishwe. Maharagwe ya kwanza hatuuzishe, maziwa ya kwanza ya ng'ombe mwenye kuzaa hawauzishe. Tulipeleka kwa bakwe, kwa bayomba, kwa mama mwenye kuzalisha batoto, kwa katekista. Huyu dada alipeleka Kingi. Yule alishuka nayo kwabo, mpaka upande wa Pinga. Kama ungelikuta sabuni imejaa hapa, njo ungelipashwa kuogopa. Ungelijua tuko bezi."

"Mlijua nakuja kuiona."

"Tulijua. Ya kwako tulikutumia." Akanigeukia. "Ulimupatia?"

Nimepita mipaka mingi tangu siku ile, nimesimama mbele ya askari wenye hasira, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama pale. Nilitazama shati langu. Mkaguzi naye alilitazama.

"Karani," alisema.

"Niliitumia, mzee. Nilifulia."

"Shati hili?"

"Hili na jingine."

Alinikaribia akashika ukosi wangu kwa vidole viwili, akaugeuza, akatazama upande wa ndani ambako jasho hukaa.

"Ilitoa rangi ya shati?"

"Haikutoa rangi."

Mama wa Kingi aliinama akaziba mdomo kwa kitenge. Hakuna mwingine aliyecheka. Mkaguzi alitoa daftari, akaandika mistari michache akiwa amesimama, akalifunga. "Niliitwa kuona bidhaa," alisema. "Nimeona kibanda, pipa na shati. Nitaandika nilichoona."

"Mumesikia," shemeji alisema, si kwa kejeli, bali kama mtu anayefunga kikao. Aliinua kiti chake.

Mjane hakulia. Alianza kuyakusanya yale majani ya mgomba kwenye vichanja, moja baada ya jingine, akayapanga upya yalivyokuwa. Nilimfuata nikamwomba radhi. Alisema, "Weye hukukosa. Ulikuwa muchafu." Kisha akaniomba nitoke njiani apite. Juu ya kilima maharagwe yalikuwa yameanza kufunga maganda. Nilihesabu kwamba alikuwa na wiki tano, labda sita.

Njiani tukirudi jipu lilizama kwenye kijito, mahali magogo ya daraja yalipokuwa yamehama. Tulisukuma mimi na dereva, na mwisho mkaguzi mwenyewe alivua kofia akasukuma. Tulipolitoa, alikuwa na matope hadi kwenye viwiko. Chini kidogo ya daraja kulikuwa na wanawake wanafua. Mmoja wao, mama mtu mzima, alimwita.

"Papa, kuja hapa. Utaingia namna ile mu motokari?"

Alikata kipande chembamba cha sabuni kwa uzi, akampa. Mkaguzi akachuchumaa kwenye jiwe, akanawa. Povu lilikuwa jeupe. Alinawa mikono, halafu uso, halafu akanawa mikono tena ingawa ilikuwa safi.

"Hii umeinunua wapi?"

"Haiuzishwe. Ni ya kwanza. Ilitoka kwa muke wa muyomba wangu, kule Kalembe."

"Na ikianza kuuzwa?"

"Tuko naingoja. Siye bote wa huku." Akaonyesha wenzake kwa kidevu. "Banki njo bako nakawisha, banasema." Wakati huo akaniona mimi, akanitambua. "Si huyu? Kaka, mutatuchelewesha mpaka lini? Unaona haya nguo?"

Wale wengine walidakia, kila mmoja na neno lake. Mmoja alisema amekata kipande chake mara nne ili kifike Noeli. Mwingine alisema mumewe amekatazwa kukigusa. Mkaguzi aliwasikiliza wote huku maji yakidondoka kwenye ndevu zake. Hakuandika chochote. Ila alichukua ule ubapa mdogo uliobaki, akaukausha kwenye leso yake, akaukunja, akauweka mfuko wa shati.

Wiki nne zilipita. Kila siku ya soko nilikwenda Kalembe mikono mitupu, na kila mara mjane alinipa kiti na kuniuliza habari za baridi, hakuniuliza habari za Goma. Alikuwa amechuja majivu mengine kwa ajili ya sabuni ya pili, lakini gunia la chumvi lililobaki hakulifungua. Alisema ni la benki mpaka benki iseme. Wiki ya tano walianza kung'oa maharagwe. Nilimkuta siku hiyo akishusha sufuria zake kutoka ukutani na kuzifunga pamoja kwa kamba. Hakunificha. "Ni za kupandisha," alisema.

Barua ilifika Masisi Jumanne. Sikungoja siku ya soko. Nilifunga benki, jambo lililokatazwa kabisa, nikatembea mpaka nilipopata lori. Nilipofika Kalembe shemeji alikuwa tayari uani na kiti chake, na wanawe wawili wamesimama kando ya mlango, wamekuja kuchukua mizigo. Sufuria zilikuwa nje.

"Imetoka?" shemeji aliuliza.

"Imetoka."

"Soma basi. Soma vile ilivyo."

Niliisoma kwanza kwa Kifaransa ilivyoandikwa, kwa sababu alitaka hivyo, kisha kwa Kiswahili. Benki ilikubali kutoa pipa zima. Nafasi ya lori ilikataliwa. Mafuta wangeyabeba kama walivyokuwa wakiyabeba. Sabuni ya pili isigawiwe. Na karani wa Masisi akumbushwe kwamba kinachotumwa kwa benki ni cha benki.

Mama wa Kingi, aliyekuwa ameketi kwenye mtungi wake uliopinduliwa, alisema taratibu, "Sasa mukwe amekasirika juu ya sabuni," na sisi sote tukatafuta pa kutazama.

Wana wa shemeji walimtazama baba yao. Yeye alitazama bati la upande mmoja na nyasi za upande wa pili, kana kwamba nyumba ile alikuwa haijui.

"Mke wa mudogo wangu," alisema hatimaye. "Hii ya pili, itakuwa bei gani?"

Mjane alikuwa anafungua kamba ya sufuria. Alimaliza kuifungua, akaikunja. Akataja bei.

"Ni mingi."

"Ni ya chumvi."

"Kule juu banawake bananisumbua. Ile uliyotupatia imeisha." Alijipapasa mfukoni, akatoa fedha iliyofungwa kwenye kitambaa, akaiweka kwenye ukingo wa pipa. "Yangu uniandikie. Mbili."

Sabuni ya pili haikuwa imepikwa bado. Lakini ndivyo ilivyouzwa kwanza, na aliyeinunua ndiye huyo. Baada ya mwezi, ilipokauka, alikuja mwenyewe kuichukua. Nilimwona akipanda kilima, kiti kimepinduliwa kichwani, vipande viwili vimelala katikati ya miguu ya kiti.

Pipa zima halikufika haraka. Barabara, mvua, na mambo ya nchi yalilichelewesha zaidi ya mwaka. Katikati hapo walipika na lile dogo, wakauza, wakaezeka bati upande wa pili. Mama wa mafuta alianza kupanda lori kwa nauli yake mwenyewe, lakini akifika bado alilala kizingitini, kwa mazoea. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchoka. Sikuwa na ugomvi na mtu. Masisi palinitunza vizuri kuliko pahali pengi nilipokaa baadaye, na nikipafikiria leo nasikia maziwa yakimiminwa. Ila nilipata barua ya rafiki kutoka Kisangani kuhusu kazi kwenye meli za mtoni, na tangu siku hiyo kila lori lililoshuka kuelekea Walikale nililisikiliza hadi linapotea.

Nilipowaaga, mama wa Kingi alikataa kuelewa. "Tulikutafutia bibi. Iko anakungojea na triko ya sufu, juu tulimwambia vile unatetemeka."

"Mumwambie asamehe, mama."

"Miguu ya huyu iko na masikio," mjane alisema. "Inasikia njia."

Siku niliyoondoka ndiyo siku ambayo pipa zima liliwashwa moto kwa mara ya kwanza. Nilimpa karani mpya muhuri na daftari asubuhi ya siku iliyotangulia. Kalembe tulimimina sabuni kwenye masanduku kumi na mawili. Shemeji alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake karibu na moto, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeufuata. Lori la Walikale lilipiga honi barabarani kabla sabuni haijaganda. Mjane alichukua kisu, akakata pembe ya sanduku la kwanza, ikiwa bado laini kama ugali, akaifunga kwenye jani na kufunga jani kwenye kitambaa.

"Ya pipa mupya ni ya kwanza pia," alisema. "Hii haiko ya banki. Ni ya kwako. Usiiminye."

Nilipanda. Mama wa mafuta alikuwa juu ya mizigo tayari, amesinzia, akasogea bila kufumbua macho ili nikae. Kifurushi nilikiweka mfuko wa koti. Kilikuwa cha moto, na kwa maili kadhaa, lori likiteremka na miti ikianza kutufunika, nilisikia joto lake ubavuni. Kufikia Pinga kilikuwa kimepoa. Koti nilikuwa nimelivua. Tulipofika Lubutu nilikifungua. Sabuni ilikuwa imeganda kwa umbo la mfuko wangu, upande mmoja umebonyea pale nilipouegemea, upande mwingine una mishipa ya jani.

Niliitumia yote. Iliisha Kisangani, kwenye ngazi za mto, nikifua shati lile lile. Haikutoa rangi.